Barua pepe na kalenda ya ofisi kwenye kivinjari: Roundcube, Outlook au Gmail?

Mhasibu_Tanga: Ndugu zangu, ofisi yetu ina watumishi 14, na barua pepe zetu tunazisoma kwa Roundcube katika seva ya kampuni inayotuhifadhia tovuti. Sasa mkurugenzi anataka kila mtu aone ratiba ya mwenzake. Je, tubaki tulipo, au tuhamie Outlook ya kivinjari au Gmail ya kulipia?

Fundi_wa_Seva: Kwa barua peke yake Roundcube inatosha, kwani ni ya bure na ni nyepesi. Tatizo ni kwamba haiji na kalenda. Msimamizi wa seva hulazimika kuongeza programu-jalizi (programu ndogo ya nyongeza), na kwa seva ya kukodi huenda usiruhusiwe. Outlook inaishinda hapo: Microsoft ilianza kuifungua Exchange, mfumo wa barua na kalenda ulio nyuma ya Outlook, kwa kivinjari mwaka 1997, na leo ukiandaa kikao unaona nani ana nafasi na nani ana shughuli, bila kulazimika kujua ni shughuli gani.

Karani_Mkuu: Nakubaliana na Fundi, ila amesahau mtandao unaokatika. Gmail, ukiifungua kwa Chrome na kuruhusu itumike nje ya mtandao, huhifadhi katika kompyuta barua za siku 7, 30 au 90, nawe unajibu kama kawaida. Jibu lako hubaki kwenye foleni hadi mtandao urudi. Kalenda yake utaiona tu, hutaweza kuihariri. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi msithubutu kuruhusu Gmail itumike nje ya mtandao.

Mratibu_Kigoma: Mimi natumia Outlook na wenzangu wa Bujumbura, walio nyuma yetu kwa saa moja, na kalenda hugeuza saa yenyewe mradi kila mtu ameweka majira ya mahali alipo. Tuliokosea ni sisi: mwenzetu alikiandika kikao cha saa 4 asubuhi kuwa 4:00 AM, mwaliko ukaangukia saa kumi alfajiri, simu zikatuamsha jogoo hajawika.

Mhasibu_Tanga: Nawashukuru, naona tunaelekea Outlook. Barua za zamani je?

Fundi_wa_Seva: Zitahamishwa kwa IMAP (njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva) pamoja na folda zake, na anwani hazitabadilika maadamu kikoa (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) ni chenu. Badilisheni rekodi ya MX (inayoonyesha barua za kikoa ziende seva gani) Ijumaa jioni, na akaunti za zamani msizifunge mpaka mhakikishe hakuna barua inayoingia huko tena.