Naomba ushauri: vali ya moyo inanigongea usiku kucha

Habari zenu wakuu. Ni mwezi wa nne sasa tangu niwekewe vali ya bandia, ile ya kaboni ngumu. Kidonda kimepona, dawa ya kuzuia damu kuganda nameza kila jioni, vipimo vya damu sikosi. Shida ni mlio. Tik, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyofungiwa kifuani. Mchana kwenye kelele nausahau. Usiku kukitulia, nikilalia ubavu wa kushoto, ndiyo kabisa, godoro lote linaitikia.

Daktari alinieleza ni vile vijilango viwili vinavyojifunga, na kwamba mlio ukififia ghafla ndipo nikimbilie hospitali. Nimeelewa, ila usingizi haujaelewa. Mbaya zaidi nimeanza kuhesabu, na nikihesabu moyo unakwenda mbio, basi na mlio nao unaongeza kasi. Mwenzangu anasema yeye unambembeleza. (Namwonea wivu.)

Feni imesaidia kidogo. Dawa za usingizi naziogopa, zisije zikagombana na hii ya damu. Mliotangulia, mlizoea baada ya muda gani? Na mnalalaje?