Maelezo ndani ya msimbo hayasomeki kwenye simu, nitumie rangi gani?

FundiWaTudor
Asalaam aleikum wakuu. Nafundisha vijana CSS na JavaScript, lugha za kutengenezea tovuti, hapa Tudor, na masomo nayaweka kwenye tovuti wayasome kwa simu. Wengi husomea kwenye matatu au wakingojea feri Likoni, na jua la saa saba mwalijua. Mandharinyuma ya vipande vya msimbo ni #f5f5f5, karibu nyeupe. Mistari ya maelezo, ile inayoanza na //, ina kijivu #999999, tena kwa italiki. Ndivyo mandhari niliyopakua (theme, seti ya rangi za msimbo) yalivyokuja. Binti mmoja ameniambia kwake yeye hiyo mistari ni kama haipo, na humo ndimo ninamoeleza kila kitu! Nihamie mandhari meusi?

BintiKisauni
Waaleikum salaam mwalimu. Huyo binti macho yake ni mazima, rangi ndiyo hafifu.

WCAG, mwongozo wa tovuti zinazofikika na watu wote kutoka W3C, shirika la viwango vya wavuti, unataka uwiano wa mng'ao kati ya maandishi na mandharinyuma uwe angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida. Kipimo chaanzia 1:1, yaani rangi juu ya rangi ile ile, hadi 21:1, nyeusi juu ya nyeupe. Kijivu chako juu ya #f5f5f5 ni 2.6 tu. Fungua ukurasa kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, chagua mstari wa maelezo, kisha bofya kiboksi cha rangi kando ya neno color. Uwiano utauona hapo hapo.

Sasa tahadhari. Utakuta watu wakipendekeza #767676 kwa kuwa juu ya nyeupe inafika 4.54. Kipande chako lakini si cheupe! Juu ya #f5f5f5 rangi hiyo hiyo yashuka hadi 4.2 hivi, imeshafeli. Pima kila rangi juu ya mandharinyuma inapokaa, si ya ukurasa.

Mimi ningeweka #5a5a5a, inayopita 6, na italiki ningeiondoa, maana herufi nyembamba zilizoinama zinachosha kwenye kioo kidogo. Nasisitiza kupita 4.5 kwa sababu ya hilo jua la Likoni. Mwanga unaorudishwa na kioo huongezeka kwenye herufi na kwenye mandharinyuma pia, kwa hiyo uwiano halisi machoni huwa chini ya ule uliopima ukiwa ndani. Kwa sababu hiyo hiyo sikushauri mandhari meusi kwa wanaosomea nje: kioo kinageuka kuwa kama cha kujitazamia.

Mzee wa Pikseli
Dada amesema kweli. Niongeze kuwa hata ndani, mandhari meusi hayaponyi chochote yenyewe. Katika Monokai, mandhari meusi yanayojulikana sana, maelezo #75715e juu ya #272822 ni kama 3:1 tu. Na buluu ndiyo hatari zaidi. Fomula ya mng'ao, inayotumika kupata huo uwiano, huipa kijani uzito wa 0.7152, nyekundu 0.2126, buluu 0.0722. Ndiyo maana #0000ff, buluu tupu, juu ya nyeupe ni 8.6, ukiiweka juu ya nyeusi inabaki 2.4.

FundiWaTudor
Shukran sana. #5a5a5a nimeiweka na tofauti naiona. Swali jingine: mstari wenye kosa nauandika kwa nyekundu #ff0000, uliosahihishwa kwa kijani #008000. Wapo wanaochapisha masomo kwenye saiba, nyeusi na nyeupe.

BintiKisauni
Kijani chako kinapita, 4.7. Nyekundu hiyo ni 3.7, ikoze hadi #b30000. Ila kwenye karatasi, rangi zote mbili zitatoka kijivu, na asiyetofautisha nyekundu na kijani hapati kitu hata kwenye simu. Tanguliza alama ya kutoa kwenye mstari wenye kosa na ya kujumlisha kwenye uliosahihishwa, kama Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, inavyofanya ikionyesha mabadiliko. Iweke kwa ::before ya CSS, inayoonyesha kitu mbele ya maandishi bila kukiandika ndani yake, ili mwanafunzi akinakili msimbo alama isiingie ndani yake.