Pikipiki ya kruza au ya spoti kwa barabara zetu za huku Magharibi na Bonde la Ufa? Tupeane uzoefu

Section58
Wadau, salamu kutoka Nakuru. Tukikutana petroli stesheni asubuhi kabla ya safari, ubishi ni ule ule: kruza, ile pikipiki ya kukaa chini miguu ikiwa mbele, au spoti, ile ya kuinamia usukani? Wa spoti wanasema kruza ni kochi lenye matairi, na wa kruza wanawauliza viganja vinauma kiasi gani. Naomba hapa tuache namba za karatasi. Sema unaendesha nini, unapita barabara gani, na mwili unasemaje ukishuka.

Nianze. Mimi niko na Yamaha Dragstar 650, na safari yangu kubwa ni kwenda Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho. Kilichonifunga kwa kruza ni nguvu inayokuja mapema. Ukiwa nyuma ya trela inayopanda Sachangwan, huhangaiki kushusha gia. Ukiona mbele kweupe unafungua mafuta, mashine inaondoka. Halafu gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti, si cheni, kwa hivyo mvua ya Kericho haiwezi kuninyima usingizi. Mwenye cheni anajua kazi ya kuisafisha na kuipaka oili baada ya mvua kama ile.

Lakini matuta! Tumbo la kruza liko chini. Yale yaliyowekwa bila kipimo ninayapanda kwa mshazari, polepole kabisa, na bado nasikia chuma kikisaga lami. Na ikianza kukulalia ukiwa umesimama, zile kilo 200 na zaidi hutazizuia kwa mguu mmoja.

Kisian_R6
Wa Kisumu hapa, spoti, Yamaha R6. Nakubali mengi. Foleni ya Kondele saa saba mchana ni adhabu: joto la injini linapanda mapajani na viganja vinabeba kifua chote. Na ukweli usemwe, R6 inaamka sawasawa baada ya mizunguko 10,000 kwa dakika, na ni wapi huku utaifikisha huko ukiwa na amani?

Siiuzi hata hivyo, na sababu ni breki na kona. Mpando wa Mamboleo hadi Kiboswa unaufanya mwili uwe kitu kimoja na pikipiki: ukiangalia unakotaka kwenda, imeshafika. Na karibu na Chavakali, boda aliyebeba magunia aliingia barabarani kutoka kichochoro bila kutazama. Nilibana breki ya mbele kwa vidole viwili, taratibu kwanza kisha kwa nguvu uzito ulipohamia mbele, na pikipiki ikasimama imenyooka. Niliyaona maandishi kwenye gunia. Spoti ina diski mbili kubwa mbele, na kazi kubwa ya kusimama iko hapo. Kwa ile nafasi, ndizo ziliniokoa.

Kona_za_Tambach
Ninyi wawili mnabishana kama hakuna njia ya katikati. KTM Duke 390, silinda moja, usukani wa juu, unakaa wima. Teremka nayo kutoka Iten kupita Tambach, vuka Cheploch, panda hadi Kabarnet, halafu uniambie. Rafiki yangu wa kruza alikuwa mbele yangu siku moja na kila kona ya kujikunja vikanyagio vyake vilikuwa vikitoa cheche kwa lami. Hakuwa anakimbia. Kruza imefika mwisho wa kulala, basi, na hapo inabidi upunguze mwendo kabla ya kona.

Jambo lingine ni mwinuko. Kule Timboroa hewa ni nyepesi. Kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, iliyopimwa Kisumu ikifika huko inamimina mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, pikipiki inakohoa na kulegea. Ya injeksheni, inayopima mafuta kwa kompyuta, inajirekebisha yenyewe, ingawa nguvu inapungua kidogo kwa zote. Kabla hujalaumu aina ya pikipiki, angalia inakunywaje mafuta.

Dada_wa_Eldoret
Kaka zangu, mmesahau urefu wa mtu. Mimi ni mfupi. Kruza yangu, Royal Enfield Meteor 350, kiti chake kiko milimita 765 kutoka chini, nyayo zangu zote mbili zinakanyaga lami. Kwenye R6 nilikuwa ncha za vidole tu, na ukisimamishwa na polisi pale penye mteremko na changarawe, ndipo utajua maana yake. Mume wangu hupanda nyuma tukienda Nakuru, na anashuka akitembea vizuri. Kiti cha nyuma cha spoti ni kidogo na kiko juu, abiria anakuangukia mgongoni kila ukishika breki.

Nguvu ni farasi 20 hivi, kwa hivyo kupita lori mpandoni kunataka subira. Nasubiri.

Fundi_Bondeni
Nisemee spea. Tairi la boda utalipata hata Salgaa usiku. Tairi pana la nyuma, la kruza au la spoti, agiza mapema, usingoje hadi uzi utokee. Na spoti ikianguka hata ikiwa imesimama tu, plastiki za ubavuni zinapasuka. Kruza yenye vyuma vya kukinga injini mara nyingi unainyanyua na kuendelea.

Section58
@Kona_za_Tambach, la kabureta nimelipokea, ndilo linalonipata nikienda Eldoret. Niongeze la mgongo, maana watu hudhani kruza haichoshi. Miguu ikiwa mbele, haikusaidii kujiinua shimo likija, kwa hivyo kishindo chote kinapigwa na mkia wa uti wa mgongo. Mimi husimama Kericho kunyoosha mwili, nisiposimama nalipia Ahero.

Bado sijasikia watu wa Bungoma na Kakamega. Mwenye kruza kama Vulcan au Shadow anayepita Webuye kwenda Malaba kati ya matrela, tuambie upepo wao unakusukumaje mkipishana.