Je, nge huweza kuua mjusi porini?

Mkwaju: Wanajamvi, habari zenu. Usiku wa juzi, pembezoni mwa shamba letu linalopakana na msitu hapa Pwani, nilimkuta nge mkubwa mweusi amembana mjusi kafiri kwa magando, kichwa cha mjusi kikiwa kimekwisha kupondwa na kulowa, ilhali mkia wa nge umelala tu mgongoni. Nilidhani nge hula wadudu peke yake. Je, jambo hili ni la kawaida, na mbona hakutumia mwiba?

Mtafiti Mdogo: Mkuu, chakula kikuu cha nge ni wadudu, buibui na hata nge wenzao, lakini wale wakubwa humkamata mnyama yeyote wanayemmudu. Nge wa jangwani aitwaye *Hadrurus arizonensis*, wa Marekani na Meksiko, anafahamika kwa kula mijusi na nyoka wadogo. Huyo wako, kwa maelezo uliyotoa, huenda ni wa kundi la nge wakubwa wa *Pandinus* na jamaa zao wa karibu, ambalo lipo Tanzania. Tazama magando: yakiwa manene, aghalabu nge hutegemea nguvu za kuponda, yakiwa membamba na mkia ukiwa mnene, kama wa *Parabuthus*, aina nyingine ya nge, hutegemea sumu, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Nge mfalme wa Afrika Magharibi akiwa mchanga huchoma mawindo yake, lakini akishakomaa na magando kupata nguvu, huchoma kwa nadra.

Binti Kibiti: Samahani, haiwezekani kwamba alimkuta mjusi amekwisha kufa?

Mtafiti Mdogo: Inawezekana, dada, ila mimi naona aliwindwa akiwa hai. Nge haoni vizuri. Hutambua windo kwa vinyweleo vinavyohisi upepo na kwa miguu inayohisi mtikisiko wa ardhi. Katika miaka ya 1970, mtafiti Philip Brownell alionyesha kwamba nge wa mchangani katika jangwa la Mojave, Marekani, huweza kumtambua mende anayechimba umbali wa sentimita 50. Mzoga hautikisiki. Tena kule kulowa alikokuona Mkwaju ndiko kula kwenyewe: nge hammezi mjusi, bali humtafuna kidogo kidogo, humwagia vimeng'enyo na kufyonza majimaji, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. Mkwaju, ukipita tena pale, tafuta kifurushi kidogo cha ngozi na mifupa.