Sushi ya hoteli kubwa, mama kasema ni kiporo. Nimeonewa au sisi ndio hatujui kula?

BintiChumbageni:

Wadau salaam. Naomba wanaojua wanisaidie, maana hasira zangu hazijashuka tangu Jumamosi.

Mama amekuja kutoka Tanga kutibiwa macho. Daktari alipomwambia yuko salama nikasema lazima nimtoe. Wazo la sushi, ule wali wa Kijapani wenye samaki mbichi, ni la mdogo wangu wa kiume, ambaye mwenyewe sushi kaiona kwenye simu tu. Tukaenda kwenye mgahawa wa Kijapani ulio ndani ya hoteli moja kubwa hapa Dar, upande wa baharini. Hoteli siitaji. Taa za karatasi, muziki wa filimbi, na mhudumu anayeinama kila akipita, mpaka mama akamwambia, "Baba, simama tu, utaumia mgongo."

Tuliagiza sinia la mchanganyiko, vipande 24, na supu tatu. Hata supu hatujaimaliza, sinia hilo. Nikashangaa, maana kaunta ya mpishi tulikuwa tunaiona na haikuwa na mtu.

Kipande cha kwanza: wali wa baridi. Si ule uliopoa, huu ulitoka friji, punje zimekakamaa kama hazikuiva. Nikachovya kwenye sosi ya soya, nusu ya wali ikabaki kibakulini. Mwani wa nje unavutika kama mpira wa baiskeli. Salmoni ina chenga za barafu katikati. Jodari kahawia pembeni.

Mama ameuza samaki pale Deep Sea, Tanga, miaka 19. Akachukua kipande cha jodari, akakinusa, akakirudisha siniani bila neno. Kisha akabonyeza wali kwa kidole. "Mwanangu, hiki kiporo. Kiporo mimi nakula nyumbani bure, tena na chai."

Bili 264,000. Nikamwita msimamizi. Akatabasamu, akasema sushi ndivyo inavyoliwa, ya baridi, na wageni wengi wa mara ya kwanza huwa hawaizoei. Mbele ya mama yangu! Nikaona haya, nikalipa. Njiani tukasimama tukala chipsi mayai.

Sasa nauliza: ni kweli inaliwa ya baridi vile? Na nikishalipa bado nina la kudai?

MpishiMstaafu:

Dada, mama yako angefaa kuwa mkaguzi. Nimekaa jikoni za hoteli miaka 11, Dar na Unguja, mitatu kati ya hiyo kwenye kaunta ya sushi, kwa hiyo naongea ninachokijua.

Samaki ndiye wa baridi. Wali unatakiwa uwe vuguvugu, karibu na joto la mwili, ili ukiuweka mdomoni uachane wenyewe. Ukiuingiza friji wanga unakaza, kama ugali wa jana. Hakuna ufundi utakaourudisha. Kwa hiyo zile punje ngumu zinakuambia kwamba vipande vile vilifungwa asubuhi, vikavikwa nailoni, vikapangwa friji. Pengine vilikuwa vya bufe ya mchana na nyinyi mkapewa vilivyobaki. Hilo la pili sina ushahidi nalo, ila nimeliona kwa macho yangu kwingine.

Na kinachoniuma ni kwamba friji haikuhitajika kabisa. Wali wa sushi unatiwa siki, sukari na chumvi, na siki ikitosha pH, yaani kipimo cha uchachu, inashuka chini ya 4.6, bakteria wa hatari hawapati nafasi. Unakaa kwenye chombo chake, umefunikwa kitambaa kibichi, zamu nzima. Lakini wakubwa wakisikia wali umekaa nje wanaogopa, wanaandika kwenye fomu kila kitu friji. Mpishi anatii.

Salmoni: kugandishwa si kosa. Kwa samaki wa kuliwa mbichi ni kinga, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 minyoo inakufa. Kosa ni kumtoa friza mgeni ameshakaa. Anatakiwa ayeyuke taratibu ndani ya friji usiku kucha.

Kudai unaweza. Mpigie meneja wa chakula na vinywaji, usihangaike na msimamizi wa zamu. Mpe tarehe, namba ya meza na namba ya risiti. Usitukane.

FukuokaKwaMuda:

Mimi nasoma huku Japani, mwaka wa pili, na sushi nakula ile ya wanafunzi, sahani zinakuja kwa mkanda mbele yako, vipande viwili yeni mia na kitu. Hata hiyo ya bei ya chini wali haujawahi kuwa wa friji. Msimamizi wako kakudanganya.

Ila dada moja nikutoe lawamani kwa nusu tu 😄. Hauchovyi wali. Unageuza kipande, unachovya upande wa samaki, kidogo. Wali unanyonya sosi kama sifongo halafu unamomonyoka. Na mkono unaruhusiwa, mama angekula kwa mkono bila shida yoyote, wazee wengi huku ndivyo wanavyokula.

Na kama mlipewa kile kijani kinachopanda puani, wasabi, msikisikitikie. Sehemu nyingi hata huku ni mzizi mwingine mkali uliotiwa rangi. Wasabi yenyewe ni ghali mno.

KakaWaFeri:

Nyie mnaongelea wali, mimi naongelea jodari. Bahari hii hapa. Soko la Feri lenyewe lilijengwa kwa msaada wa Wajapani! Halafu hoteli inampandisha ndege salmoni kutoka Norway, na jodari anayetoka hapa hapa wanamweka mpaka anakuwa kahawia.

Huku kwenye mnada mpishi wa hoteli simuoni. Anakuja dereva na karatasi, "jodari kilo 15", hafungui shavu, habonyezi mgongo, anaondoka na aliyekaa juani.

Dada, swali la maana: kuna mtu aliwashwa mdomoni au kutokwa vipele usoni? Jodari aliyekosa barafu anatengeneza sumu, histamini, na hiyo hata umkaange namna gani haitoki. Sushi ya kukatisha tamaa ni jambo moja, hiyo ni jingine.

BintiChumbageni:

Ahsanteni sana wote. Kaka, hapana, hatukuwashwa. Mdogo wangu alikula vipande 11 na yuko mzima, alilalamikia bei tu.

Mama anakuambia shavu la yule jodari hata angepewa alifungue, lingekuwa limeshapauka.

Jana nimempigia meneja kama nilivyoelekezwa. Alipokanusha mara ya kwanza nikamuuliza wali wenu mnauhifadhi wapi. Kimya. Kisha akasema mpishi wao mkuu yuko likizo tangu mwezi uliopita na msaidizi "bado anajifunza". Sasa si mngefunga kaunta mpaka arudi? Ameahidi kurudisha nusu ya pesa, au chakula cha mchana cha watu wawili. Nikamuuliza mama. Akasema pesa.

MpishiMstaafu, mama sasa amelivalia njuga, anataka tupike wenyewe kabla hajarudi Tanga. Mchele wa Kyela utafaa?

MpishiMstaafu:

Kyela uache kwenye pilau, haushikani inavyotakiwa. Tafuta mchele wa punje fupi, supamaketi za Masaki wanao. Osha mpaka maji yatoke safi bila ukungu, pika maji yakauke. Kwa vikombe vitatu vya mchele mkavu, siki ya mchele theluthi ya kikombe, sukari vijiko vitatu vikubwa, chumvi kijiko kidogo na nusu. Changanya siki, sukari na chumvi, mimina juu ya wali ungali wa moto, ukate kwa mwiko wa mbao, usiuponde, huku mwingine anaupepea.

Jodari agandishwe kwanza, hasa kwa mama ambaye yuko kwenye dawa.

BintiChumbageni:

Mama kashatoa upepeo wake wa ukindu kwenye begi. Kaka wa Feri, nije lini?

KakaWaFeri:

Alhamisi, kabla ya saa moja asubuhi. Njoo na ndoo ya barafu, na mama umlete, achague mwenyewe.