Nimekwama na fumbo la kachi kwenye sanamu ya chuma ya chuoni, bolti zinanivuruga

Mtafuta_Kopo:
Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada ila msinimwagie jibu, mnipe mwanga tu. Kuna kachi, yaani kopo linalofichwa ili watu walitafute kwa GPS, ni ya fumbo (ile ya alama ya kuulizia ya bluu), imefichwa maeneo ya chuo, imejengwa juu ya ile sanamu ya chuma inayokaa nje ya idara ya uhandisi ujenzi, ile yenye maboriti yamekatwa vipande yakaunganishwa kila upande mpaka unajiuliza fundi alikuwa anajenga nini. Maelezo ya fumbo ni mafupi, nayaweka kama yalivyo:

"Hesabu wanaoshika chuma kwa chuma, zidisha kwa 4, ongeza ndugu wenye umbo la I. Hizo ndizo tarakimu tatu za mwisho za latitudo. Za longitudo, chukua mwaka aliosimama mzaliwa wa kwanza, toa 1500."

Nimeenda mara mbili. Nimezunguka sanamu yote nikahesabu bolti 86, vipande vya I nimepata 9, kwa hiyo 86 mara 4 ni 344, jumlisha 9 napata 353. Mwaka kwenye kibao cha sanamu ni 2004, nikitoa 1500 nabaki na 504. Nikiweka kwenye GPS inanipeleka katikati ya maegesho ya magari, hakuna hata kichaka, na kikaguzi cha majibu kwenye ukurasa wa kachi kinaniwekea nyekundu. Nakosea wapi?

Dada_Ramani:
Pole mkuu. Kwanza umeandika kwa mfumo upi? Kachi nyingi zinatumia digrii na dakika zenye desimali, watu wanaingiza kama sekunde wanaishia kijiji cha pili. Halafu fungua ramani uangalie hayo maegesho yana kachi gani jirani.

Mtafuta_Kopo:
Mfumo niko sahihi dada, dakika zenye desimali. Kuhusu jirani, ipo kachi ya kawaida kama mita 90 kutoka hapo.

Dada_Ramani:
Basi hapo sipo, funga mjadala. Makopo mawili hayaruhusiwi kukaa karibu kuliko mita 161, mkaguzi wa kachi mpya asingeipitisha. Mimi hii sheria imeniokoa mara nyingi kuliko hesabu yenyewe, kabla sijatoka nyumbani nachora miduara kwenye ramani nijue wapi haiwezekani.

Nati_Legevu:
Mkuu hizo bolti 86 ulizihesabu vipi? Ulisimama sehemu moja au ulizunguka?

Mtafuta_Kopo:
Nilizunguka, si ndo nimesema. Kila upande nilioona kichwa nikaweka alama kwenye karatasi.

Nati_Legevu:
Hahaha ndo palepale. Bolti ina pande mbili aisee, huku kichwa, kule nati. Ukizunguka umeihesabu mara mbili. Sogea karibu uangalie: kichwa kimefungwa bapa na mara nyingi kina maandishi yamegongwa juu, kwenye bolti za ujenzi za Kimarekani utakuta A325, nati yenyewe unaiona nyuzi za bolti zinachomoza katikati. Kama wamepaka rangi nzito maandishi yanaweza kumezwa ila ile ncha inayochomoza huikosi. Hesabu ncha tu, vichwa viache.

Mtafuta_Kopo:
Duh. Mimi nilidhani zote ni vichwa. Sawa, nimegawa kwa mbili, 43, bado nyekundu!!

Mzee_wa_Zege:
Kijana usigawe ukiwa umekaa kwenye kochi, rudi ukatazame. Nimefanya kazi za site miaka mingi, ngoja nikuulize: chini kabisa sanamu imeshikwa na nini? Kuna pleti nene imelala juu ya zege, na kwenye kona zake kuna nati. Ngapi? Za pale upande wa pili huuoni maana umezikwa kwenye zege, kwa hiyo hizo hukuzihesabu mara mbili na kugawa kwako kumeharibika. Halafu soma tena fumbo, neno kwa neno, hasa wanashika nini kwa nini. Aliyeliandika anaijua kazi.

Mtafuta_Kopo:
Mzee!! Chuma kwa CHUMA. Za chini zinashika chuma kwa zege. Nati ziko 4, nina picha hapa. Shikamoo.

Mzee_wa_Zege:
Marahaba. Na hizo I zako 9 zipitie upya, ukizitazama kwenye kichwa cha boriti, pale ilipokatwa, sio ubavuni. Ubavuni chaneli na I zinafanana sana, ila ukija mwishoni I ina mabawa pande zote mbili na chaneli ni kama herufi C, mabawa yote yanatazama upande mmoja.

Kipimapembe:
Naongezea kidogo: tarakimu ya mwisho ikihama moja kwenye latitudo umehama kama mita 1.85. Sasa wewe bolti unazidisha kwa 4, kwa hiyo bolti moja tu ya uongo ni zaidi ya mita 7. Hizo ulizohesabu mara mbili zinatosha kukuvusha chuo kizima.

Kuhusu longitudo, kibao cha hapo hakikusaidii. Hizo sanamu ni ukoo. Ya kwanza aliibuni Profesa Duane Ellifritt wa Chuo Kikuu cha Florida, wanafunzi wake walikuwa hawapati picha ya maungio kwa kuangalia michoro kwenye karatasi, akaona awasimamishie kitu wakiguse. Baadaye taasisi ya chuma ya Marekani, AISC, ikasaidia kuzieneza, leo ziko kwenye vyuo zaidi ya 100. Ya chuoni kwenu ni mjukuu. Mwaka wa mzaliwa wa kwanza utafute mwenyewe, ni dakika mbili.

Fundi_Kimya:
1986

Dada_Ramani:
Wewe Fundi_Kimya si ameomba asimwagiwe jibu jamani 😩

Mtafuta_Kopo:
Haina shida nilikuwa nimeshaupata. Nimetoka kule sasa hivi, moja kati ya zile I ni chaneli kweli, nimeinama mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia ukweli, naye akaanza kuhesabu na mimi, akapata zaidi yangu kwa mbili, kumbe anahesabu matundu matupu. Kikaguzi KIJANI wakuu! Giza limeingia, kesho asubuhi naenda.

Nati_Legevu:
Safi sana. Na usifungue nati yoyote, kopo halipo kwenye sanamu, kuna mtu mwaka jana alienda na spana.

Kipimapembe:
Beba na kalamu. Nilipopita mimi ya ndani ilikuwa imekauka, na kijitabu kimelowa upande mmoja, saini kurasa za nyuma.