Ushauri: Nifanyeje vijana wa mtaani wapende mashindano ya Scrabble?

Mleta uzi
Habari zenu wakuu. Najitolea kwenye maktaba ndogo ya mtaani huku Tanga. Jumamosi tunawafungulia ukumbi vijana wa sekondari na wale waliomaliza kidato cha nne wakawa hawana shughuli. Tuna seti mbili za Scrabble ya Kiingereza, ule mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni kuunda maneno ya kupata pointi. Mwanzoni walijaa mpaka wengine wanachungulia dirishani. Sasa wamebaki waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza. Wanawafunga wenzao 350 kwa 120, na aliyefungwa hivyo harudi tena. Kuna wazazi wameanza kuniuliza kama hii ni kamari.

Ndoto yangu ni kata ishindane na kata, kama kwenye mpira. Nianze na Kiingereza au Kiswahili? Na hawa wanaofungwa niwashike vipi? Nisaidieni, inaniuma kuwaona wanarudi kijiweni.

Mwalimu wa Kidato
Mkuu, hongera. Tatizo lako kubwa ni upangaji wa mechi. Usimkutanishe bingwa na mgeni kila wiki. Tumia mfumo wa Uswisi kama kwenye chesi: raundi ya kwanza changanya, kuanzia ya pili aliyeshinda akutane na aliyeshinda, aliyefungwa na aliyefungwa. Hakuna anayetolewa, wote wanacheza hadi jioni. Kufikia raundi ya tatu au ya nne utaona matokeo kama 210 kwa 198, na hapo ndipo mtoto anapata hamu ya kurudi.

Andika matokeo yote kwenye daftari na uyabandike ukutani. Mpe zawadi pia aliyepanda sana kuliko mwezi uliopita, siyo mshindi peke yake.

Kijana wa Kisauni
Mimi nasema Kiingereza kisiachwe. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alichukua ubingwa wa dunia kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka huohuo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Kifaransa na hata kukizungumza hakujui, alikariri maneno tu. Kwa hiyo aliyetoka shule ya kata anaweza kabisa. Waanzishie maneno ya herufi mbili: QI, ZA, XU, JO. Wiki moja maneno kumi, utaona mabadiliko. Na waonyeshe kwamba UHURU, MATATU na BWANA yanakubalika kwenye Scrabble ya Kiingereza, watachangamka.

Mama Vitabu
Naheshimu mchango wa kaka wa Kisauni, lakini kwa wanaoanza mimi ni Kiswahili kwanza. Mtoto ashindane akiwa na maneno tele kichwani, Kiingereza kitafuata.

Ila msitumie seti ya Kiingereza kwa Kiswahili. Ina K moja tu na A tisa, wakati sisi bila K na A hatuandiki kitu. Halafu Q na X zinabaki kama mzigo. Tengenezeni yenu: vifuniko vya soda, ndani mnabandika karatasi yenye herufi, na ubao wa plaiwudi wenye miraba 15 kwa 15. Hesabuni herufi kwenye kurasa kadhaa za gazeti, ndipo mjue A ziwe ngapi na V ngapi.

Ugomvi utakuja kwenye vitenzi. Mtu ataandika ANAMPIGIA na mwenzake atakataa. Chagueni kamusi moja, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA, ikae mezani. Linalokubaliwa ni neno lililoorodheshwa humo, pamoja na wingi wa nomino. Viambishi vya nafsi na njeo, hapana. Mwamuzi asibishane, afungue kamusi. Na kwa wageni msiwatoze pointi wakipinga neno kimakosa, wataogopa kuuliza.

Kuhusu wazazi: kusiwe na kiingilio wala dau, zawadi ziwe vitabu na madaftari. Waalike waje wakae karibu na meza. Na mechi ziwe asubuhi, ukiweka jioni mabinti hutawaona.

Mwalimu wa Kidato
Namuunga mkono Mama Vitabu. Muda weka dakika 25 kila mchezaji, saa ya chesi ipo kwenye simu, ni ya bure.

Mleta uzi
Asanteni sana, nimenakili yote. Kuna seremala jirani ameshakubali kutukatia plaiwudi, na vijana wenyewe watakusanya vifuniko. Mama Vitabu, CH iwe kipande kimoja au viwili?

Mama Vitabu
Kimoja, mwanangu. C peke yake hatuna neno nayo, atakayeivuta mwishoni itamkwama mkononi. SH, DH, TH na GH tumieni herufi mbili mbili. Kwa ng'ombe wekeni N na G, ritifaa msiihesabu.